Munir Mitri Saliba, Aliyeionea Wivu Penseli

Waheshimiwa mapadri, ndugu wa karibu na wa mbali, majirani wa Musaytbe, walimu wenzake na wanafunzi wake, na ninyi wafuga njiwa mlioshuka leo kutoka mapaani mkavaa makoti ya heshima, kwa niaba ya familia ya Saliba na familia ya Jurji tunawashukuru kwa kukaa nasi, na tunaomba masikio yenu kwa muda mfupi, tuwasomee maisha ya ndugu yetu, Profesa Munir Mitri Saliba, kama alivyoyaishi, na si kama ambavyo yeye mwenyewe angetaka yachapishwe.

Familia imekubaliana, mjane, Bi Salwa, akiwa wa kwanza kusema, kwamba tusimpake marehemu rangi ambayo hakuwa nayo. Munir alikuwa mkarimu, alikuwa mcheshi, alisoma mpaka macho yakachoka, na alikuwa na wivu, wivu wa wazi usiojua kujificha, ambao uliingia chumbani kabla yake na ukabaki akishatoka. Bi Salwa anasema tukiuficha wivu huo leo, nusu yenu mtadhani mmekosea msiba.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, hapa hapa Musaytbe, Beirut, katika nyumba ya ghorofa mbili iliyo nyuma ya kanisa hili, akiwa mtoto wa pili wa mzee Mitri Saliba, fundi cherehani, na mama Adla. Juu ya nyumba ya jirani palikuwa na banda la njiwa, na mtoto Munir alikuwa akilala chali kwenye paa lao kila alasiri, akilitazama kundi likizunguka, likipanda, likigeuka kwa pamoja kama kitambaa kinachokung'utwa, na alichokitamani hakikuwa njiwa wa kufuga, alitamani kuwa yule mtu anayepiga mluzi na mbingu ikamtii.

Mwaka 1957 alianza masomo katika shule ya parokia, akayamaliza mwaka 1969, na ni katika madarasa ya chini kabisa ya shule hiyo ambako alikutana na adui yake wa maisha, ambaye ni penseli. Mtoto aliyekaa naye dawati moja alikuwa na mkono wa kuchora, mwalimu akaibandika ukutani ramani yake ya mito, na Munir, ambaye insha yake ilikuwa bora kuliko zote darasani, alirudi nyumbani analia, kwa sababu insha haibandikwi ukutani. Mama Adla alimfuta machozi kwa pindo la aproni, akamwambia, "Munir mwanangu, jicho lako linakula sahani ya mwenzio, na yako inapoa." Maneno hayo alikuwa akiyarudia mwenyewe hata alipokuwa profesa, mara nyingi akiwa amekwisha kuchelewa.

Alisoma sosholojia katika Chuo Kikuu cha Lebanon, akapata shahada yake mwaka 1973, akafundisha sekondari kwa miaka michache hadi vita vilipofunga shule, kisha mwaka 1977 akasafiri kwenda Lyon, Ufaransa, ambako tarehe 18 Juni 1983 alitetea tasnifu yake ya udaktari juu ya wachukuzi wa mizigo sokoni, mbele ya watu waliomsifu sana, akarudi Beirut mwezi Oktoba mwaka huo huo, wakati wenzake wengi walikuwa wakitafuta njia ya kuondoka. Mwaka 1984 aliajiriwa kama mhadhiri katika chuo kikuu kimoja hapa mjini, naye hakuhama tena.

Tarehe 9 Septemba 1984, siku ya Jumapili, katika kanisa hili hili la Mtakatifu Eliya, alifunga ndoa na Salwa Jurji, mwalimu wa kemia, na wale waliokuwepo wanakumbuka kwamba bwana harusi alinuna wakati wa ngoma ya dabke kwa sababu msimamizi wake alicheza vizuri kuliko yeye, mpaka bibi harusi akamvuta mkono akamwambia, "Mimi nimeolewa na wewe, si na miguu yake, njoo ule keki." Mungu aliwabariki kwa binti, Lamia, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1986, na mwana, Mitri, aliyezaliwa tarehe 27 Januari 1989, na baadaye wajukuu watatu, ambao kila mmoja aliambiwa kwa siri kuwa ndiye anayependwa zaidi na babu, na wote watatu wametoboa siri hiyo jana wakati wa kahawa.

Sasa tunafika kwenye kazi, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo alipokaa yeye.

Mwaka 1994, mji ulipoanza kujengwa upya, Munir aliamua kuandika utafiti juu ya wafuga njiwa wa mapaani, wale waliobaki juu hata risasi zilipokuwa zikipita. Kama tujuavyo wote, katika mji huu husemwa kwamba ushahidi wa mfuga njiwa haupokelewi mahakamani, kwa kuwa mtu anayeapa kila siku kwamba ndege wa jirani hakutua kwake, ataapa lolote. Munir aliudhiwa na msemo huo tangu utotoni, akataka kuandika kitabu ambacho kingewapa watu hao ushahidi wa kupokelewa, na kwa miaka miwili alipanda ngazi za mtaa wa Basta akiwa na kinasa sauti na maswali yaliyopigwa chapa, akashuka na kanda zilizojaa uongo mtupu, uongo mtamu, uongo wa kitaalamu. Kamera ndiyo ilikatazwa kabisa, maana picha ikitoka, jirani ataitazama, atalitambua unyoya kwa unyoya lile dume lake lililopotea, na vita vitaanza.

Ndipo mwezi Aprili 1996 akamtafuta mchoraji, akaletewa Bi Zalfa Dagher, ambaye yuko nasi hapa safu ya mbele, wakati huo akiwa msichana aliyehitimu sanaa na kuishi kwa kuchora katuni za magazeti ya watoto. Munir alimtaka achore picha chache tu za kupamba sura za kitabu, kama mtu anavyoweka iliki juu ya wali uliokwisha kuiva. Zalfa alipanda paa la Baba Shafiq, mfuga njiwa wa Basta, ambaye naye yuko hapa na Mungu azidi kumpa umri, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akachora bila kuuliza neno. Baba Shafiq alikuja nyuma yake, akatazama, akacheka.

"Hapana, binti yangu, hapana. Fimbo haishikwi hivyo, hiyo ni ya kupigia zulia. Kidole kinakaa hapa. Na huyu jike umemchora mbele, nani alikwambia jike hutangulia? Futa."

Zalfa akafuta, akachora tena, Baba Shafiq akamsahihisha tena, akaita jirani yake aje asahihishe, jirani akamsahihisha Baba Shafiq, na katika ugomvi wao juu ya mstari wa penseli yakatoka yote ambayo kinasa sauti hakikuyapata kwa miaka miwili, jinsi ndege mgeni anavyoshawishiwa ashuke, jinsi watu wawili wanavyoandikiana vita au amani, na kwamba walio katika vita, kila mmoja hukamata ndege wa mwenzake na kumfanya wake, lakini walio katika amani, ndege akipotea akatua kwako, humrudisha, na humrudisha kwa mkono wako mwenyewe, mchana, mbele ya watu, si kwa kumtuma mtoto.

Munir alisimama kando akiwa na maswali yake mkononi. Alipothubutu kuuliza moja, Baba Shafiq alimgeukia akamwambia, "Dakta, usikasirike. Binti huyu anauliza kwa kalamu. Wewe unauliza kama polisi." Jioni ile alimwambia mkewe kwamba utafiti umefunguka, kwamba sasa anaona kitabu chote kiwe katuni, ukurasa kwa ukurasa, picha na maneno vikibeba hoja pamoja, na alisema hayo kwa uso wa mtu aliyeng'olewa jino.

Walifanya kazi pamoja kwa miaka mitano, kwenye meza ya jikoni kwa Bi Salwa, na namna yao ya kazi ilikuwa kwamba Munir aliandika maneno kwenye vipande vya karatasi, Zalfa akavipanga juu ya picha, kisha akavikata kwa mkasi. Munir alitaka kila kiputo cha maneno kijae, na Zalfa alimwambia, "Profesa, maneno yako yamejaa mpaka njiwa hana pa kuruka." Yeye akajibu kwamba njiwa hajaandika tasnifu. Siku moja Zalfa alifuta kiputo chote, akaacha uso peke yake, na wafuga njiwa walipooneshwa ukurasa ule, mmoja wao alijifuta macho, na Munir aliondoka mezani akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha oshwa.

Watu wengine, kwa kuwa ulimi hauna mfupa, walimuuliza Bi Salwa kama hawaonei wivu watu wawili wanaokaa pamoja kutwa nzima, naye aliwajibu, na ametupa ruhusa tulisome jibu lake, "Wivu wote wa nyumba hii ameuchukua Munir, mimi hakuniachia hata wa kijiko cha chai."

Kitabu kilitoka mwezi Machi 2001, kwa Kiarabu, kikiitwa Ushahidi wa Mapaani, na juu ya jalada palikuwa na jina moja. Jina la Zalfa liliwekwa ukurasa wa ndani, chini, kwa herufi ndogo, likiwa limeandikwa neno "michoro" mbele yake. Munir alikuwa akiomba uprofesa, kamati ilitaka kazi ya mtu mmoja, na hilo lilikuwa kweli, lakini familia inajua, na Zalfa alijua siku ile ile, kwamba hata kama kamati isingetaka, mkono wa Munir ungelitelezesha jina lile ndani. Zalfa alilitazama jalada, akasema tu, "Mabruki, Profesa," akamaliza kahawa yake. Na kamati yenyewe ilikikataa kitabu, mzee mmoja akikipekua kwa kidole akauliza, "Hiki ni cha watoto?" Hivyo ushahidi haukupokelewa, na uprofesa ulikuja baadaye kwa makala nyingine, ambazo hakuna aliyezisoma.

Mwaka 2004 mchapishaji mmoja wa Lyon alitaka kukitoa kitabu kwa Kifaransa. Kwa kuwa sisi husoma kutoka kulia na wao kutoka kushoto, mchapishaji alipendekeza kurasa zote zigeuzwe kama zinavyoonekana kwenye kioo, ili picha zifuatane kwa mpangilio wa Kifaransa, akatuma kurasa za majaribio zikaguliwe. Zingepelekwa kwa Zalfa, angegundua kosa kabla kahawa haijapoa. Lakini Munir alizipokea peke yake, akazifungia chumbani peke yake, kwa sababu Ufaransa palikuwa mahali pake, pale ndipo aliposifiwa yeye na si mwingine, akayasoma maneno yote bila kuacha hata koma, akayapitisha, wala hakutazama picha.

Kitabu kikachapwa. Ndani yake Beirut yote ilikuwa imepinduka, bahari ikahamia mashariki, wafuga njiwa wakasalimiana kwa mkono wa kushoto, wakala mkate kwa mkono wa kushoto, wale wenye kupiga ishara ya msalaba wakaipiga kwa mkono wa kushoto, na Baba Shafiq, ambaye alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto wakati wa vita, akaonekana amevipoteza kwenye ule wa kulia, mkono anaorushia ndege. Mwanawe aliye Marseille alimnunulia nakala kwa fahari, akamletea likizo ya kiangazi.

Baba Shafiq hakupiga simu. Alivaa koti, akashuka kutoka Basta kwa miguu, akasimama kwenye lango la chuo kikuu saa wanafunzi wanapotoka, na Munir alipotokea alimwinulia mikono yote miwili mbele ya uso.

"Hesabu vidole, Dakta. Hesabu vizuri, wewe umesoma. Umenilisha kwa mkono wa kushoto mbele ya Wafaransa, sawa, nitasema hawajui. Lakini mkono huu ulikatika vitani, pale Sodeco, niliubeba mwenyewe, hukuubeba wewe. Tangu nikiwa mtoto watu wanasema mfuga njiwa ni mwongo. Leo mwongo nani?"

Munir alijaribu kusema kwamba ni mambo ya uchapaji. Baba Shafiq akamuuliza swali moja tu, "Yule binti aliiona?" na Munir akatazama viatu vyake, na Baba Shafiq, ambaye maisha yake yote amekaa na watu wanaoficha ndege wa wenzao chini ya koti, alielewa. "Ahaa," alisema. "Kumbe uko vitani naye, na yeye hajui."

Zalfa alijua wiki hiyo hiyo. Alikuja mpaka mlangoni, hakuingia, akampa Bi Salwa ule mkasi wa kukatia maneno, akasema ni wa jikoni na unastahili kurudi jikoni, akashuka ngazi. Kwa miaka mitano nyumba hizi mbili hazikutembeleana hata kwa Pasaka, na utafiti mpya ambao Munir alikuwa ameuanza juu ya waokaji wa tanuri za mtaani ulilala, kwa sababu alijaribu wachoraji wengine wawili nao walichora kile alichowaambia, na hapo ndipo alipotambua kwamba hakuna hasara kubwa kuliko mchoraji mtiifu.

Mwezi Novemba 2007 Zalfa alifanya maonyesho yake mwenyewe huko Hamra, na Munir, ambaye hakualikwa, alikwenda, akasimama nyuma ya nguzo akiwa na skafu usoni wakati hapakuwa na baridi yoyote. Watu walijaa hadi wengine wakasimama kwenye ngazi. Aliporudi nyumbani alikaa bila kuvua viatu. Bi Salwa akamuuliza, "Vipi, ni nzuri?"

"Watu wamejaa kama Ijumaa Kuu," alisema.

"Nimeuliza picha."

"Wamesimama mpaka kwenye ngazi, Salwa. Nani atasimama kwenye ngazi kwa ajili yangu?"

"Uliwahi kumpa mtu nafasi ya kusimama?" akamjibu, na kwa kuwa ni mwalimu wa kemia hakuongeza kitu kisichohitajika.

Ilichukua mwaka mwingine na zaidi. Mwezi Mei 2009 Munir alipanda paa la Baba Shafiq kwa mara ya kwanza tangu siku ya langoni, akamkuta anabadilisha maji ya ndege, akamwambia amekwisha kumwandikia mchapishaji wa Lyon aziondoe nakala sokoni, naye amekubali. Baba Shafiq hakugeuka. Alisema, "Hizo ni karatasi. Ndege wa watu uko naye bado." Munir akauliza afanye nini. Baba Shafiq akasema, "Miaka miwili uliniuliza maswali hapa, na hili moja ndilo nililolijibu vizuri, kumbe hukuliandika? Kwa mkono wako, mchana, mbele ya watu."

Basi Jumamosi ya tarehe 6 Juni 2009, mchana, juu ya paa lile, mbele ya wafuga njiwa wa Basta na wa Musaytbe, ambao waliletwa kwa ahadi ya knafeh tamu ya jibini, na mbele ya Zalfa, ambaye aliletwa na Bi Salwa bila kuambiwa anakwenda wapi, Munir alisema kwa sauti kwamba kitabu kile ni cha watu wawili, kwamba aliyeona kwanza ni Zalfa, kwamba picha zile hazikuwa pambo la utafiti bali ndizo zilizokuwa utafiti, na kwamba yeye alilijua jambo hilo tangu siku ya ndoo na lilimuuma kila siku tangu hapo, na bado linamuuma, na asingependa kusema uongo juu ya paa ambalo lina waongo wa kutosha. Wafuga njiwa walicheka. Zalfa hakucheka. Alimuuliza, "Mkasi wangu uko wapi?" Bi Salwa alikuwa nao kwenye mkoba.

Toleo jipya lilitoka mwezi Februari 2011, kutoka kulia kwenda kushoto hata kwa Kifaransa, na Wafaransa wakajifunza kufungua kitabu kwa nyuma, vidole vya Baba Shafiq vikarudi mahali vilipopotelea, na kwenye jalada jina la Zalfa Dagher lilikaa juu na la Munir Saliba chini yake. Munir alikiweka kitabu mezani, akakiangalia asubuhi nzima.

"Lake limekaa juu," alisema.

"Si wewe uliyeliweka?" Bi Salwa akamwambia.

"Aliyeliweka ni mimi. Anayeliona ni mimi pia."

Kuanzia Oktoba 2012 hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2019, Munir na Zalfa walifundisha pamoja somo la utafiti kwa njia ya katuni, na baadhi yenu wanafunzi mliojaa huku nyuma mnakumbuka kanuni ya somo lile, kwamba kila kazi hufanywa na watu wawili, kwamba muhula wa kwanza mmoja huandika na mwingine huchora, na muhula wa pili hubadilishana, ili anayeandika aone aibu ya mstari uliopinda, na anayechora aone aibu ya sentensi isiyosimama, na kwamba mchoro haukubaliwi mpaka mtu aliyechorwa auone na kuusahihisha kwa mkono wake. Waokaji walipata kitabu chao mwaka 2015. Wivu haukuisha, tusidanganyane, ila sasa aliutangaza mwanzoni mwa kila kipindi, kama watu wanavyotangaza hali ya hewa.

Tarehe 4 Agosti 2020, bandari ilipolipuka na madirisha yote ya nyumba yao yakaingia ndani, mtu wa kwanza aliyempigia simu, baada ya kuhakikisha mkewe ni mzima, alikuwa Zalfa, kabla hata ya watoto wake mwenyewe, akamuuliza, "Mkono wako mzima?" Aliposikia ni mzima alisema, "Mshukuru Mungu, sitaki kutafuta mchoraji mwingine uzeeni," kisha akakaa sakafuni katikati ya vioo, akalia.

Tarehe 5 Februari 2021 marehemu alipatwa na kiharusi, akalazwa kwa majuma matatu, akatoka akiwa anatembea kwa fimbo, anaelewa kila analoambiwa, lakini maneno yalikuwa yamemwacha, yeye ambaye maneno yalikuwa shamba lake, hawezi kuyasema wala kuyaandika. Alilia siku nyingi. Kisha asubuhi moja alipotaka kahawa, na Bi Salwa akamletea maji, akamletea dawa, akamletea gazeti, alichukua penseli ya mjukuu wake, akachora kikombe. Kilikuwa kikombe kibaya, kimepinda, mpini wake umetoka upande usiofaa, lakini kilikuwa na mvuke, na Bi Salwa akacheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Zalfa alianza kuja kila Jumanne. Munir alichora, watu wake wakiwa vijiti vitupu vyenye vichwa kama limau, akachora paa la utoto wake, banda la jirani, mama Adla na aproni yake, mtoto wa dawatini na ramani ya mito, naye Zalfa aliketi pembeni akiandika maneno na kumwonesha, na yeye akitikisa kichwa au kukubali, kama wafuga njiwa walivyokuwa wakifanya zamani, maana safari hii aliyesahihisha maneno alikuwa yeye. Siku moja Zalfa aliandika kiputo kirefu, kizuri, alichokipenda mwenyewe. Munir alikitazama, akachukua penseli, akachora ndani yake njiwa aliyebanwa na maneno pande zote, mbawa zimekunjika, jicho limemtoka. Zalfa alimwangalia, naye alikuwa akitetemeka mabega kwa kicheko kisicho na sauti, na Zalfa akaenda jikoni kuleta mkasi.

Mjane ametuomba tusome pia hili, ambalo Zalfa alimwambia juzi walipokuwa wakikunja nguo za marehemu. Alisema, "Mama Lamia, mimi nimechora maisha yangu yote. Sijawahi kupata mstari kama ule wa mama yake na aproni. Mkono hauko, jicho haliko, na bado ni mama. Nilimwonea wivu, na sikumwambia." Bi Salwa akamwambia, "Pole mwanangu. Angefurahi huyo, angepona."

Kitabu hicho kimekamilika mwezi Septemba mwaka huu na kitatoka majira ya kuchipua, majina yao yakiwa kwenye mstari mmoja, jambo walilogombania kwa ishara tangu Mei. Tangu Oktoba moyo wa marehemu ulizidi kudhoofika, akalazwa tena tarehe 13 Novemba, na siku ya Jumanne, tarehe 21 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mkewe, na watoto wake wakiwa pembeni, alituacha, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Juu ya kitanda chake ulibaki ukurasa mmoja ambao haumo kitabuni. Amelichora kanisa hili, tunalitambua kwa mnara, na katikati jeneza dogo lenye kichwa cha limau kilichoinuka kidogo kutazama nje, na vijiti, vijiti vingi sana, ndani, mlangoni, na kwenye ngazi za nje hadi ukingo wa karatasi. Zalfa alipooneshwa aliuliza maneno yake ni yapi, na Bi Salwa, aliyemjua, akasema, "Huu hauhitaji maneno. Anauliza kama wamesimama kwenye ngazi."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, wakipokea michoro yake ya maumivu kama wengine wanavyopokea vyeti, majirani wa Musaytbe waliopika, waliobeba viti na waliochemsha kahawa tangu Jumanne, walimu wenzake, wanafunzi wake wa zamani waliokuja kutoka mbali, Baba Shafiq na wafuga njiwa wote, ambao ushahidi wao juu ya marehemu tumeupokea jana neno kwa neno, na Bi Zalfa Dagher, ambaye tunamwomba asimame na familia wakati wa kupokea rambirambi, mahali pake ni hapa, mbele, kando ya Bi Salwa.

Na wewe Munir, ndugu na shemeji yetu, tumetazama kabla ya kuanza kusoma. Viti vimejaa, mlango umejaa, na nje watu wamesimama kwenye ngazi mpaka barabarani. Wamesimama kwa ajili yako. Sasa lala, pumzika kwa amani, kwa amani ile ya mapaani, ambayo ndani yake kila ndege aliyepotea hurudishwa kwake.